Mwenzi Wetu wa Safari
Maneno ya kwaya kwa waumini, siku ya Jubilei ya miaka 25

  Tunawashukuru wageni wetu waimbaji ambao wengine wamepanda matatu mbili ili kutufikia, na waliokuja kwa miguu kutoka Laini Saba, Silanga, Lindi na Mashimoni. Tunawashukuru pia akina mama wa jumuiya ambao tangu alfajiri wako na masufuria huko nje. Harufu ya pilau imeshatufikia, kwa hiyo tunaahidi kwamba hatutakawia.

Tulipokaa kupanga maneno ya leo, tulishauriana sana. Wengine walitaka tuhesabu nyimbo tulizojifunza, na mashindano ya dekania tuliyoshinda, na yale ambayo hatukushinda kwa sababu waamuzi hawakusikia vizuri. Hayo mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mwishowe tukakubaliana tuseme juu ya Yule tunayemwimbia. Miaka 25 tumesimama karibu na altare yake. Inafaa tuseme tumejifunza nini hapo.

Tena mwaka 2025 ulikuwa na mambo mawili makubwa kuliko Jubilei yetu ndogo. Kanisa lote lilikuwa katika Mwaka Mtakatifu, Jubilei ya Matumaini. Na hapa Nairobi ilitimia miaka 40 tangu Kongamano la Kimataifa la Ekaristi, lililofanyika katika jiji letu Agosti 1985. Tutalirudia Kongamano hilo baadaye, maana lina deni ambalo sisi wa leo tunaweza kusaidia kulilipa.

NJIANI

Mwinjili Luka, katika sura ya 24, anatusimulia juu ya watu wawili waliotoka Yerusalemu siku ile ya Ufufuko wakielekea kijiji cha Emau. Anasema umbali ulikuwa stadio sitini, yaani karibu kilomita 11. Ni mwendo mrefu kuliko kutoka hapa Soweto East hadi Kawangware, na wengi wetu tunaujua huo wa Kawangware kwa nyayo zetu wenyewe, hasa mwisho wa mwezi unapokaribia na nauli imekwisha.

Tuangalie mambo matatu katika safari ile.

La kwanza: watu wale walikuwa wanakwenda upande usiofaa. Wenzao walikuwa Yerusalemu, kaburi tupu lilikuwa Yerusalemu, na wao wanaondoka wamekata tamaa. Bwana hakusimama mbele yao kuwazuia. Alishika njia pamoja nao.

La pili: aliuliza kwanza, akasikiliza, ndipo akafundisha. Wao wakamweleza habari za kifo chake, wakati yeye ndiye aliyekufa na kufufuka! Angeweza kuwakatiza. Aliwaacha wamalize kusema huzuni yao.

La tatu: mwendo wote ule hawakumtambua. Alipowaeleza Maandiko mioyo yao ilipata moto, lakini macho yao yalifunguka mezani, pale alipoutwaa mkate, akaubariki, akaumega na kuwapa.

Ndugu zetu, hiyo ndiyo Misa Takatifu. Tunaingia tukiwa na uchovu wa wiki nzima, tunalisikiliza Neno, kisha tunaalikwa mezani. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliliona jambo hilo alipotangaza Mwaka wa Ekaristi, ulioanza Oktoba 2004 na kumalizika Oktoba 2005. Barua aliyoliandikia Kanisa kwa ajili ya mwaka huo ina jina la Kilatini, Mane Nobiscum Domine, nalo limetoka katika ombi la wale wawili wa Emau, waliomsihi mgeni wao akae nao kwa kuwa usiku unaingia.

Kwa nini tunaanza na habari ya njia? Kwa sababu sisi ni kwaya ya watu wanaohama. Mnatujua. Katika Septemba 2009 majirani wetu wengi wa Soweto East walihamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata, ili vibanda vibomolewe na majengo mapya yasimame mahali pake. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Wengine walihama kwa sababu ya kodi, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya moto, maana mnajua nyumba za mabati na mbao zinavyoungua. Wengi wao walivuka Ngong Road wakajipatia vyumba Kawangware, upande wa Congo, wa Gatina, na kule mwisho wa magari ya 46. Hivyo kwaya moja ikawa na miguu miwili. Mazoezi ya Alhamisi yakawa Kibera, ya Jumamosi yakawa Kawangware. Watu walituambia tutavunjika. Hatukuvunjika, na si kwa sababu tunapendana kuliko kwaya nyingine. Ugomvi wetu juu ya nani aongoze wimbo wa mwanzo unajulikana hadi nje ya geti. Tulibaki pamoja kwa sababu Jumapili ilikuwapo meza moja, nasi tulitakiwa kuwapo.

Ilikuwapo pia miezi ambayo kuhama kulikuwa kukimbia. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa, reli iling'olewa hapa Kibera, na Kawangware nako hakukuwa shwari. Katika kwaya hii wamo Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wakisii. Jumapili zile tulikuwa wachache, na sauti nyingine hazikuwa na mtu kabisa. Wimbo haukuwa jambo gumu siku hizo. Jambo gumu lilikuwa pale padre anapotualika tutakiane amani, muda mfupi kabla ya Komunyo. Mkono uliokuwa mbele yako ulikuwa wa jirani, na ulijua jamaa zake wanasema nini juu ya jamaa zako. Wengine walisalimiana bila kuangaliana. Lakini walisalimiana, wakapanga mstari mmoja, wakapokea. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba umoja wa mkate ndio unaotufanya sisi tulio wengi tuwe mwili mmoja. Watu wa Kibera tuliokuwa katika mstari ule tulilisikia fundisho hilo kwa namna ambayo hakuna semina ingeweza kutupa.

Nasi hatukuwa wa kwanza katika nchi hii kulishwa njiani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin, jirani kabisa na Kawangware ya leo, mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Wakati huo Nairobi ilikuwa kambi ya wasafiri tu. Bwana alikuja kukaa na watu ambao wenyewe hawakujua kama watakaa.

ANAINGIA NYUMBANI MWETU

Kuna swali ambalo watoto wa Komunyo ya Kwanza huuliza, na ni swali zuri: kwa nini baada ya Misa Hostia zinawekwa katika tabernakulo? Tumezoea kujibu kwamba ni kwa ajili ya kuabudu. Ni kweli, tunaabudu, maana ni Kristu mwenyewe, Mwili na Damu, Nafsi na Umungu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatukumbusha kwamba mwanzoni Ekaristi ilitunzwa ili wapelekewe wagonjwa na wale ambao hawakuweza kufika. Mtakatifu Yustino shahidi, aliyeandika mjini Roma karibu na mwaka 155, anaeleza Misa ya Jumapili ya siku zake, na anasema mashemasi waliwapelekea waliokosekana sehemu yao. Anaongeza kwamba sadaka iliyokusanywa iliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu zamani zile, aliyekosekana alihesabiwa. Mkate wake ulimfuata.

Kwaya hii ilijifunza jambo hilo katika vyumba vya futi kumi kwa kumi. Kwa miaka kadhaa sasa, baada ya Misa ya Jumapili, waimbaji wawili humfuata mhudumu wa Ekaristi anapokwenda kwa wagonjwa. Hatuendi na kinanda. Tunaenda na ubeti mmoja na kiitikio, kwa sauti ya chini. Wenye nyumba wanajua la kuandaa: kiti au meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji katika glasi. Mara nyingi jirani wa upande wa pili wa ukuta wa bati, hata asiye Mkatoliki, huzima redio yake mwenyewe bila kuambiwa. Ukuta ni mwembamba, kwa hiyo anayepokea ni mmoja lakini wanaosali ni ploti nzima.

Mmoja wa wenzetu wa sauti ya besi, ambaye hatutataja jina lake kwa sababu familia yake iko hapa nayo inajua tunamsema nani, alipougua kwa mara ya mwisho alipelekewa Komunyo ya pamba. Vijana wetu wakisikia neno "pamba" wanafikiria nguo za kupendeza. Wazee wanajua maana nyingine: pamba ni masurufu ya safari, chakula anachofungiwa mtu anayekwenda mbali. Kanisa likachukua neno hilo na kuliita hivyo Ekaristi anayopewa mtu anayeondoka duniani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunasoma juu ya nabii Elia, aliyechoka hata akaomba kufa, akapewa mkate na maji, kisha kwa nguvu ya chakula kile akatembea siku arobaini hadi mlima Horebu. Ndugu yetu alipokea akiwa amelala. Tulipoimba, sauti haikutoka, lakini midomo yake iliifuata besi noti kwa noti, na pale tulipokosea mapigo alitutazama kama alivyokuwa akitutazama mazoezini. Alizikwa wiki ile ile. Mtu yule hakusafiri peke yake.

Tunataka kutaja pia mwaka 2020, kwa sababu ulitufundisha njaa. Machi mwaka ule makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona. Yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Fikirini maana yake katika kigango kama hiki. Bibi waliofagia kanisa hili kabla sisi hatujazaliwa walibaki nyumbani. Watoto waliokuwa tayari kwa Komunyo ya Kwanza walibaki nyumbani. Kwaya ya watu wengi ikawa waimbaji wachache waliosimama mbalimbali na barakoa usoni.

Katika miezi ile wengi tulijifunza kusali Komunyo ya kiroho, ambayo wazee huiita Komunyo ya tamaa: kumwambia Bwana kwamba tunamtaka, na kumwomba aje moyoni kwa kuwa hatuwezi kumpokea katika Sakramenti. Kanisa limeifundisha sala hiyo tangu karne nyingi. Wakristu wa Uganda waliiishi njaa hiyo mapema sana. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre wao waliondoka nchini, nao hawakurudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa. Waumini wale, wengi wao wakiwa bado wakatekumeni, waliongozwa na walei wenzao kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, wakasali, wakafundishana, wakabatiza. Mapadre waliporudi waliwakuta wameongezeka. Na katika mwaka uliofuata, 1886, baadhi yao walikwenda Namugongo na kufa kwa ajili ya imani. Bwana hakuwa amewaacha. Lakini pia hawakusema kwamba kwa kuwa yuko nao katika sala, basi Misa si kitu. Walimngoja. Mambo hayo mawili lazima yaende pamoja.

WANAOKETI WAKATI WENGINE WANASIMAMA

Sasa tunafika mahali ambapo tulijadiliana kama tuseme au tusiseme. Baba Paroko alisoma maneno haya kabla ya leo, akasema tuyaseme.

Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma, katika namba ya 86, yanasema kwamba wimbo wa Komunyo uanze wakati padre anapokea, na yanaongeza kwamba iangaliwe waimbaji nao waweze kupokea bila tabu. Katika kwaya yetu tunafanya hivi: soprano hutangulia huku wengine wakishika wimbo, kisha hufuata alto, halafu wanaume, na mpiga kinanda hupokea mwisho. Kwa hiyo sisi tulio kwenye ngazi hizi tunaona kitu ambacho ninyi mlio kwenye mabenchi huenda hamkioni vizuri. Tunaona mstari ukisogea, na tunaona wanaobaki wamekaa.

Ni wengi. Wengine wamekaa kwa sababu wanahitaji kwanza Sakramenti ya Kitubio, na huo ni utaratibu mzuri wa Mkristu. Lakini wengi ni baba na mama waliokaa pamoja miaka 10, 15, hata 20, wamebatizwa, wana watoto, wanatoa zaka, wanaongoza jumuiya, na ndoa yao haijafungwa kanisani. Wapo pia katika kwaya hii. Wanaimba wimbo wa Komunyo kwa sauti nzuri kuliko wote, wakiwaalika wenzao kwenye meza ambayo wao hawaikaribii.

Ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa, mara chache watakuambia kwamba hawataki. Watakuambia mahari haijakamilika. Watakuambia mzee wa nyumbani anasubiri ng'ombe. Watakuambia harusi ni gharama: hema, magari, gauni, keki, chakula cha watu wa vijiji viwili, na kamati ya kuchangisha ambayo itakutana mara sita. Mtu anayeamka saa kumi na moja kutafuta kibarua cha mjengo, au anayefua nguo za watu mtaa wa pili, anaangalia hesabu hiyo na kuiweka kando. Mwaka unakuwa miaka. Mtoto wa kwanza anapokea Komunyo ya Kwanza, na wazazi wake wanampeleka hadi kwenye mstari kisha wanarudi kukaa.

Hapa ndipo tunapolirudia Kongamano la 1985. Makongamano haya yalianza mjini Lille, Ufaransa, mwaka 1881. Lile la Nairobi lilikuwa la 43, na lilikuwa la kwanza kufanyika kusini mwa Sahara. Askofu Mkuu wetu wakati huo alikuwa Kardinali Maurice Otunga. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja, na tarehe 18 Agosti akaadhimisha Misa ya kufunga Kongamano hapo Uhuru Park. Baadhi ya wazee walio hapa walikuwapo, wengine walitembea kutoka Kibera usiku ili wapate nafasi. Na kichwa cha Kongamano hilo kilikuwa nini? Ekaristi na familia ya Kikristu. Kati ya mambo yote ambayo dunia ingeweza kujadili hapa Nairobi, yalichaguliwa hayo mawili, yakawekwa pamoja. Miaka 40 imepita. Katika mabenchi yetu bado mambo hayo mawili yametengana: familia imekaa huku, na Ekaristi iko kule.

Hatusemi haya kumhukumu mtu. Katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Papa huyo huyo aliwataka wachungaji na jumuiya nzima wawasaidie hata wale ambao hali yao haiwaruhusu kupokea, wasijione wametengwa na Kanisa: walisikilize Neno, waje Misani, wadumu katika sala na matendo ya huruma. Na Papa Fransisko, ambaye Novemba 2015 alifika hapo Kangemi, ng'ambo tu ya Kawangware, alifundisha kwamba Ekaristi ni dawa na chakula cha walio dhaifu, wala si zawadi ya waliokamilika. Wala hatusemi kwamba kila mtu aingie tu kwenye mstari. Meza ni ya Bwana, na Kanisa limepewa kuitunza. Tunachosema ni kwamba Bwana wa Emau alitembea kilomita 11 na watu wasiomtambua, hakuchoka, na hakuishia njiani. Alifika nao mezani. Kama sisi tunaimba habari za kutembea na Kristu, basi na sisi tutembee na ndugu zetu mpaka huko huko.

Na kwa wengi, ndugu zetu, huko si mbali kama wanavyofikiri. Kanisa halidai hema. Halidai keki. Sheria ya Kanisa inataka bwana na bibi walio huru kuoana na wanaokubaliana kwa hiari, padre au shemasi aliye na mamlaka ya kuisimamia ndoa, na mashahidi wawili. Kabla ya hapo kuna vyeti vya ubatizo, mafundisho ya ndoa na matangazo kanisani, pamoja na karatasi za serikali. Hayo yanahitaji muda na subira kuliko pesa. Kuhusu mahari, mila zetu ni nzuri na tunaziheshimu, lakini wazazi wetu wapendwa, tunawaomba kwa magoti: mzazi anayesema deni lililobaki lisiwazuie watoto wake kufika altareni amewapa zawadi kuliko ng'ombe. Na mwenye shida ngumu zaidi, kwa mfano aliyewahi kufunga ndoa mahali pengine, asikae na jambo lake moyoni. Amwone Baba Paroko. Kanisa lina mahakama ya ndoa, na kuuliza si dhambi.

TUNACHOAHIDI

Kwaya ikifikisha miaka 25 hushona sare mpya. Hata sisi tulikuwa tumechagua kitambaa, na akina dada walikuwa wamekubaliana rangi, jambo ambalo lenyewe ni muujiza. Baada ya kushauriana, tumeamua sare hizi mnazotuona nazo zitaendelea miaka miwili zaidi. Michango iliyokusanywa itafanya kazi tatu.

Kwanza, tutasaidia wanandoa wanaotaka kufunga ndoa kanisani kupata vyeti na karatasi zao, kwa nauli na ada ndogo ndogo ambazo ndizo humkwamisha mtu. Tumemwomba Baba Paroko atupangie siku ya ndoa za pamoja, naye amekubali. Siku hiyo kwaya itaimba bure, na chakula kitakuwa kimoja cha wote, kama cha leo. Pete rahisi inatosha.

Pili, tutaendelea kuwafuata wagonjwa kila Jumapili, Kibera na Kawangware pia, na tunaomba kila jumuiya itupe majina ya wale wasiofika. Tusiache mtu akose sehemu yake kwa sababu tu hatukujua kwamba ni mgonjwa.

Tatu, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kabla ya mazoezi, tutakaa nusu saa mbele ya Ekaristi Takatifu kimya, bila kuimba. Watu wa sauti nyingi wanahitaji kunyamaza mara moja moja. Tunawaalika wote, na kwa namna ya pekee wale ambao bado hawapokei. Pale hakuna mstari, na hakuna anayebaki kwenye benchi. Wote tumekaa, naye yuko mbele yetu.

Kwa wenzetu wa kwaya mlio katika hali hiyo, tunasema waziwazi mbele ya watu: msiache kuimba. Tunawahitaji, na si kwa ajili ya sauti tu. Mnaposimama pale na kuimba juu ya mkate ambao mnautamani, mnatukumbusha sisi tunaoupokea kila Jumapili kwamba mkate huu si mazoea. Lakini pia msizoee kukaa. Siku mtakapopanga mstari, tutaongeza ubeti.

Wale wawili wa Emau, macho yao yalipofunguka, hawakulala pale kijijini. Usiku ule ule waliondoka wakarudi kilomita zote zile hadi Yerusalemu kuwaambia wenzao. Baada ya Misa ya leo na pilau ya leo, kila mmoja wetu atarudi kwake. Njiani utapita mlango wa mtu ambaye zamani alikuwa akiketi karibu nawe kanisani. Bisha hodi.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyeshika njia pamoja na waliokata tamaa, tunakushukuru kwa miaka 25 uliyotembea na kwaya hii, katika tope la Soweto East na katika vumbi la Kawangware. Wapokee kwako waimbaji wetu waliotangulia, uwe kwao pamba ya safari na makao ya mwisho. Uwatazame wagonjwa wanaokungoja leo. Uwaimarishe baba na mama wanaotamani kukupokea, uwafungulie njia, utupe sisi moyo wa kutembea nao bila kuwacheka wala kuwahukumu. Na siku yetu itakapokuchwa, kaa nasi. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Bikira Maria, Mama wa Ekaristi, utuombee.
Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristu!